Rivyu: kisu cha mia hamsini cha Kibuye, bodigadi wa kisu changu cha elfu nane

Wacha niseme mapema, hii si rivyu ya kisu kizuri. Kisu kizuri ninacho, huu ni mwaka wa tatu, na kama kingekuwa na mdomo saa hii kingekuwa kwa chifu kinaandikisha malalamishi. Hii ni rivyu ya kile kisu chepesi cha mpini wa plastiki chenye kiko kila soko, chenye watu hutupia kwa kikapu pamoja na nyanya bila hata kukiangalia. Mimi nilitoa changu Kibuye, lile soko kubwa la Kisumu, shilingi mia na hamsini, mwezi wa kumi na moja, na mpaka sai hakuna kitu kimenisaidia kama hicho kwa ile vita yangu ya kuzuia watu wa nyumba yangu wasiniharibie kisu cha kazi.

Mimi hupikia watu sherehe. Harusi, matanga, mikutano ya chama, unaweza nipata Jumamosi niko Ahero na Jumapili niko Maseno. Kukata kilo 20 za vitunguu asubuhi moja kwangu ni kawaida, kwa hivyo kisu butu si kero tu, ni bega kukesha likiuma. Ndio maana mpishi mmoja aliponiambia anahama mji na anauza vitu vyake nilimtumia elfu nane siku hiyo hiyo nikachukua santoku yake. Santoku ni jina la Kijapani, maana yake fadhila tatu, wengi husema ni nyama, samaki na mboga. Shemeji wangu aliongeza ya nne, mifupa.

Hapo ndio shida ilianzia. Alikuja Disemba moja kutoka Siaya, kabla ninunue hiki cha Kibuye, akachinja mbuzi, mimi siko, niko kazi. Nilirudi saa tatu usiku nikapata santoku iko ndani ya sinki chini ya sufuria ya ugali imeloweshwa maji. Nikaiosha nikaipanguza, nikapitisha ukucha wa kidole gumba pole pole kwa makali, na ukucha ukakwama mara tatu. Pengo moja lilikuwa kama nusu ya punje ya mchele, unaliona hata bila kuinamisha kichwa. Shemeji naye ameshiba ameketi pale anachokonoa meno, ananiambia kwa roho safi kabisa, "Shemeji, hiyo kisu yako ni moto, inapita mfupa kama mkate." Niseme nini? Nikamwambia karibu tena.

Wale mnajiuliza mbona kisu cha elfu nane kivunjike na cha mia hamsini kisivunjike, iko hivi. Chuma cha hiyo santoku yangu ni VG-10, aina ya chuma kigumu cha Kijapani, kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell hukaa kama 60, wakati vile visu vya Victorinox, kampuni ya Uswisi, vyenye utaona kwa majiko mengi ya hoteli huwa karibu 55 ama 56. Mtu akisikia kigumu anafikiria basi hakiharibiki, kumbe ugumu wa chuma uko na gharama yake. Kikiwa kigumu kinabeba makali membamba sana, kama digrii 15 kila upande, na kinakaa nayo muda mrefu, lakini hakijui kujikunja. Kikikutana na mfupa, ama nyama ya friji iliyoganda kama jiwe, ama mtu akikipindapinda ndani ya malenge akitafuta njia, makali yanamomonyoka. Kile cha sokoni chuma chake ni laini, kikigonga mfupa makali yanalala tu upande, unayaamsha kesho.

Bwanangu akaona nimenyamaza sana, akaamua kunisaidia. Hiyo ndio ilikuwa mbaya kuliko mfupa. Alikipeleka kwa jamaa mmoja wa kunoa na mashini, ile ya kavu inayotoa cheche, akakirudisha akiwa na furaha kabisa ati ameokoa ndoa. Mapengo kweli yameisha, lakini karibu na ncha kuna alama ya bluu inaingia zambarau, kama mafuta yamemwagika kwa maji ya barabara. Hiyo rangi ukiiona kwa makali ujue chuma kilipata moto mpaka ugumu wake ukatoka pale. Kikawa kinakata nyanya mbili vizuri, ya tatu kinaiponda. Nilikaa na jiwe la kunolea, ile yenye iko na pande mbili, 1000 yenye chembe kubwa na 6000 yenye chembe laini, jioni nne, maji kidogo kidogo, mpaka hiyo sehemu ya bluu yote ikaliwa. Kisu kimerudi ila kimekonda, na sitaki kuongea hiyo maneno tena.

Sasa kuficha. Nimejaribu kila kitu. Niliweka juu ya kabati, kijana wangu akapanda kiti. Nikafunga na kitambaa nikaweka katikati ya nguo zangu, bwana akitafuta soksi akakutana nacho akaona ah, kumbe kiko huku, akaenda kufungulia boksi ya tivii nacho. Nikanunua ile ya sumaku ya kubandika ukutani nikafikiria sasa nimekuwa mtu wa kisasa, kumbe nimetengeneza maonyesho, kila mtu akiingia jikoni mkono unaenda pale wenyewe. Nikaweka tepu nyekundu kwa mpini nikawaambia chenye tepu msiguse. Wiki moja baadaye namsikia msichana wangu akimwelekeza binamu yake, "Chukua ile ya nyekundu, ndio kali." Mama mkwe naye alipokuja akanikuta nikikifungia kwa droo na kufuli akaniuliza, "Nyathina, mwanangu, kisu si ni cha kukata? Mbona umekifungia kama taito ya shamba?"

Na huyo mama ndiye alinifungua macho bila kujua, juu nilipomtolea visu vingine achague cha kukata sukuma, alijaribu cha kwanza, akaweka, cha pili, akaweka, cha tatu akakisugua kwa ngazi ya simiti pale nje akajaribu tena akaweka. Tulikuwa na visu vitano kwa hiyo nyumba kando na changu na hakuna hata kimoja kingeweza kupasua ngozi ya nyanya. Sasa hawa watu wangefanya nini? Mimi nimekaa miaka nikiwaita wakorofi, kumbe wao wanatafuta tu kitu kinakata, na kitu kinakata kilikuwa kimoja. Hata mimi ningeiba.

Jumapili nikaenda Kibuye, siku yenye soko limefurika mpaka unatembea kando kando. Kuna mama hutandika turubai ya visu, miko, vijiko na vile vya kukwaruza karoti, akakuambia chagua mami, zote ni moja. Si moja. Chukua kisu ukielekeze kwa mwanga, funga jicho moja uangalie kwa urefu kama fundi anaangalia mbao, utaona vingine vimepinda katikati. Tikisa mpini, ukisikia kitu kinachezacheza ndani rudisha. Na angalia pale chuma inaingia kwa plastiki, ukiona mwanya hapo maji yataingia na kutu itakula mpaka siku moja mpini ubaki mkononi na kisu kibaki kwa malenge. Nilichagua kama dakika kumi, mama ananiangalia kama mtu ananunua ng'ombe. Nikachukua viwili.

Kwa kazi sasa. Sukuma, hiki kisu ni bingwa, na nasema hivyo nikiwa na santoku ndani ya nyumba. Juu sisi hatukati sukuma kwa ubao, tunakunja majani mkononi tunaikatia hewani, nyembamba kama uzi, na kwa hiyo mtindo unataka kisu chepesi, kifupi, chembamba, si kile kipana cha kushuka kwa ubao. Kitunguu pia mkononi, sawa. Kutoa magamba ya tilapia, sawa kabisa na ndio nilitaka hiyo kazi iende huko, juu hapo awali walikuwa wanakwaruzia na makali ya santoku roho yangu ikikwaruzika pamoja. Ukoko wa ugali kwa sufuria, waendelee tu. Kufungua paketi, kukata kamba, kuchonga penseli, siangalii hata. Mkate kinaupasua vibaya. Malenge usijaribu, kinapinda kama mjeledi na hapo ndio mtu hukatika kidole.

Makali yake hayakai, tuambiane ukweli. Siku tatu, nne, kimeanza kuteleza kwa nyanya. Lakini kunoa ni dakika mbili na huhitaji kununua chochote. Chukua kikombe cha udongo cha chai, kigeuze, ile duara ya chini isiyong'aa ndio jiwe lako. Laza kisu, inua mgongo wake kama unene wa penseli, sukuma makali mbele kama unataka kukata ngozi nyembamba ya kikombe, mara kumi upande huu, mara kumi ule. Futa kabla ukate chakula juu unga wa chuma hubaki pale. Mimi hufanya hivyo Jumatano na Jumamosi nikingoja chai ichemke, na hii ndio sehemu watu wakinunua hivi visu huruka halafu wanarudi kusema ni takataka. Hiki cha bei rahisi kikibutuka tu, wote wanarudi kwa santoku. Kwa hivyo sai mimi hunoa cha mia hamsini mara nyingi kuliko cha elfu nane, na siku ya kwanza bwana aliponikuta nikifanya hivyo alinitazama akaenda zake bila kuuliza.

Kingine nilinunua siku hiyo ni ubao wa kukatia wa mti, nikauacha kando ya sinki mahali mkono unafika, juu walikuwa wanakatia kwa sahani na kwa ile slabu ya graniti, na hapo hakuna kisu kitapona, cha bei yoyote. Santoku nayo nimeikatia ala ya kadibodi, nikaifunga na tepu ya kawaida ya rangi ya kadibodi, inakaa ndani ya ndoo ya kazi chini ya aproni zangu. Hakuna kufuli. Tangu Februari hakuna mtu ameitafuta.

Mapungufu yake sasa. Cha kwanza kati ya vile viwili mpini ulianza kulegea mwezi wa tatu, nikakizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli na sai kinashikika vizuri kuliko kikiwa kipya. Kinashika kutu kikilala na maji usiku mmoja, madoa madogo ya rangi ya chai, yanatoka ukisugua na majivu. Na hakina uzito, ukizoea kisu cha kazi utahisi umeshika kijiko.

Nakipa nane kwa kumi, moja nimetoa kwa sababu ya mpini, moja kwa sababu ya malenge. Jumapili hii narudi Kibuye kuchukua vingine viwili, juu Pasaka shemeji alikuja, akapika, akasifu, na akarudi Siaya na kimoja ndani ya begi. Alisema hiyo kisu yangu ni moto.