Uzoefu wangu: mafuta ya lozi chungu niliyoyanunua Mtwara

Mwezi uliopita nilinunua chupa ya mililita 30 ya mafuta ya lozi chungu katika duka moja la vipodozi hapa Mtwara mjini, kwa shilingi 12,000, nikikusudia kupaka miguu iliyopasuka. Muuzaji aliniongezea kwamba matone machache kwenye chai hutuliza kikohozi. Kibandiko kilikuwa na jina na picha ya lozi tu. Hakikueleza mafuta yametengenezwaje, na hapo ndipo penye hatari.

Kwa jina hilo huuzwa vitu viwili. Yapo mafuta yanayokamuliwa, mazito na yenye harufu hafifu, ambayo sehemu yake kubwa ni asidi ya mafuta iitwayo oleiki. Yapo pia yanayopatikana kwa kuloweka makapi ya kokwa zilizokwisha kukamuliwa, kisha kuyachemsha na kukusanya mvuke. Makapi yakilowa, amigdalini, yaani kemikali ya asili iliyomo katika lozi chungu, huvunjwa na kimeng'enya cha kokwa yenyewe, ikatoa sukari, benzaldehaidi yenye kunukia, na sianidi. Mama zetu wanaotengeneza makopa kwa mihogo michungu hupambana na sumu hiyohiyo, ila wao huiacha iende na maji na hewa, ilhali mtambo wa mvuke huinasa pamoja na manukato. Mafuta ghafi ya namna hii huweza kuwa na sianidi ya asilimia 2 hadi 4, na kijiko cha chai kinatosha kuhatarisha maisha ya mtu mzima.

Nilitia matone kwenye glasi ya maji na kukoroga, yakazama. Mafuta ya kukamua huelea, lakini benzaldehaidi ni nzito kuliko maji, kwa hiyo nilikuwa nimeuziwa yale ya mvuke. Harufu haikunisaidia zaidi, kwa kuwa ni ya benzaldehaidi na hubaki ileile hata sianidi ikishaondolewa. Watengenezaji makini huiondoa kwa chokaa na chumvi ya chuma, kisha huandika hivyo kwenye chupa. Yangu haikuwa na neno.

Niliporudi dukani, muuzaji alisema lozi ni kungu za Ulaya tu, mbona watoto wa Mikindani wanazila kila siku. Mkungu na mlozi si ndugu hata kidogo. Fedha hakurudisha, ila alinibadilishia kwa mafuta ya lozi tamu ya kukamua, ambayo yalielea na miguu imeyapokea vizuri. Hayo nitayanunua tena. Chupa za yale ya kwanza niliziacha bado zimo rafuni mwa duka, kando ya mafuta ya watoto.