Akili mnemba na picha za angani: kusoma inajua, kuchora bado

Nina studio ya picha hapa Tanga, na walimu wa sayansi huniletea kazi ya mabango ya darasani. Ndiyo maana nikalipia huduma moja ya akili mnemba, ile unayoipa picha ikakueleza inachokiona, na ukiiagiza inakutengenezea nyingine ya kufanana nayo. Nimeijaribu kwa picha za angani ninazozifahamu vizuri.

Kwenye kueleza naipa maksi za juu. Niliiwekea picha ya Buzz Aldrin amesimama mwezini, Julai 1969, iliyopigwa na Neil Armstrong. Bila kuulizwa ikaona kwamba ndani ya kioo cha kofia anaonekana mpiga picha mwenyewe, chombo chao cha Eagle, na kivuli cha Aldrin. Nikauliza mbona angani hakuna nyota hata moja. Jibu lilikuwa la mtu anayeijua kamera: ardhi ya mwezi na vazi jeupe vilikuwa vinapigwa na jua kali, kwa hiyo shata, kile kifuniko kinachoruhusu mwanga kuingia kwenye kamera, ilifunguka kwa muda mfupi sana, na mwanga hafifu wa nyota haukutosha kuacha alama kwenye filamu. Hata vile vimisalaba vidogo vinavyoonekana juu ya picha ilivifafanua sawasawa: vipo kwenye bamba la kioo ndani ya kamera ya Hasselblad, vya kupimia kama filamu imevutika. Mwalimu anaweza kuingia nayo darasani hivyo hivyo.

Nikaiagiza itengeneze upya picha hiyo hiyo. Anga ikajaa nyota, zile zile ilizotoka kunieleza kwa nini hazipo. Kwenye kioo cha kofia Armstrong hayupo. Pana duara la buluu tu. Kivuli cha mwanaanga kinalala kushoto na cha jiwe lililo miguuni pake kinalala kulia, kana kwamba kuna majua mawili. Na Aldrin imempanga katikati, ana nafasi ya kutosha juu ya kichwa. Katika filamu yenyewe Armstrong alikaribia kumkata kichwa, hata NASA, shirika la anga la Marekani, wakaongeza weusi juu ya picha walipoitoa. Kamera ilikuwa imefungwa kifuani, haina kitundu cha kuchungulia, na yeye yumo ndani ya vazi zito. Mkato ule unanionyesha kazi ilivyokuwa ngumu, na mashine imeufuta.

Machweo ya Mirihi nayo iliyaharibu. Curiosity, kigari cha NASA kinachotembea huko Mirihi, kilipiga jua likizama kutoka kreta ya Gale mwezi Aprili 2015, na mwanga unaolizunguka jua ni wa buluu, kwa sababu vumbi laini la kule hupitisha buluu vizuri zaidi kuelekea kwenye kamera. Nikaletewa machweo ya rangi ya chungwa, kama ya Pangani.

Lakini kilichonikasirisha hasa ni kunoa picha, yaani kuifanya yenye ukungu ionekane wazi zaidi. Tarehe 25 Julai 1976, chombo cha Viking 1 kilipiga kilima cha eneo la Cydonia huko Mirihi jua likiwa chini, na vivuli vikakifanya kifanane na uso wa mtu. Chombo cha Mars Global Surveyor kilipokuja kukipiga kwa kamera kali zaidi, picha ya mwaka 2001 ilionyesha kilima kilicholiwa na mmomonyoko, basi. Niliipa huduma hii picha ya Viking peke yake nikaiambia iinoe. Ikatia kope. Ikatia mboni kwenye shimo la kivuli, ikachonga midomo, na haikuandika popote kwamba vitu hivyo imevibuni. Mtu akiipata picha hiyo kwenye simu ataapa kwamba Mirihi kuna sanamu.

Mwalimu mmoja alipoona nakala iliyotengenezwa na mashine ya ile picha ya Dunia nzima iliyopigwa na wanaanga wa Apollo 17, ya tarehe 7 Desemba 1972, aliniambia, "Fundi, mbona iko safi tu? Wanafunzi wataipenda." Nikamwambia, "Mwalimu, hebu niwekee kidole kwenye Madagaska." Ilikuwa imebanwa kwenye pwani ya Msumbiji, na pembe ya Somalia imelainishwa ikawa duara. Akaomba tuchape ya asili.

Kwa hiyo nitaendelea kulipia, kwa ajili ya maelezo tu. Maandishi ya chini ya mabango yangu sasa yanaanzia huko, kisha nayahakiki. Picha nachukua kwa NASA wenyewe: nyingi hazina hakimiliki, hulipi kitu, na ukubwa wake unatosha bango la ukutani. Hiyo ya Aldrin itafute kwa namba AS11-40-5903. Wenye huduma nawaomba jambo moja: kila sehemu ya picha ambayo mashine imeibuni itiwe alama inayoonekana kwa macho, na alama hiyo isitoke hata picha ikichapwa.