Alternateri mupya mu kokisineli ya papa, na ile waya chini ya kiti

Naandika nikiwa bado na hasira, mutanisamehe. Kama uko na gari ya zamani hapa Bukavu na fundi anakuambia atatoa dinamo akuwekee alternateri (zote mbili zinatengeneza umeme wa gari, lakini alternateri njo inatoa mwingi), muulize kwanza swali moja tu: na waya utaifanya namna gani? Akianza kuzunguka, shika funguo yako urudi nyumbani.

Hii kokisineli (ile Volkswagen ndogo ya mugongo wa duara, motere inakaa nyuma) ni ya marehemu papa. Shida yake kubwa ilikuwa taa za usiku. Munajua ile ambutiyaji ya magari ya kutoka kartie ya Essence kwenda Panzi jioni, unasimama motere iko ku ralanti, inazunguka polepole tu, na dinamo ku ralanti haitoi karibu kitu, basi fari inakuwa rangi ya chai, esiglasi ya kupangusa mvua inachoka, batri inashuka, na asubuhi tunasukuma. Kusukuma gari mu Bukavu, na hii milima yetu, munaelewa.

Njo nikaenda ku garaji moja ya Kadutu, jina sitaje. Alternateri nilishanunua mwenyewe, kazi nikalipa dola 120. Siku mbili gari ikatoka, na sitadanganya, nilifurahi sana, fari nyeupe hata nikiwa nimesimama, usiku ku Nyawera niliona mashimo yote mbele ya kuingia ndani yake. Wiki nzima nilikuwa naambia batu bende kule. Benye niliambia, naomba munisamehe.

Kisha siku moja jioni, mvua inanyesha, taa zote zinawaka, mutoto wangu mudogo nyuma anasema mama, huku kunanuka mupira. Nikafikiri ni gari ya mbele. Anasema tena, mama, kiti iko na moto. Nikageuka nikaona moshi.

Nilitoa batoto inje mu mvua nikainua kiti. Mu kokisineli batri inakaa chini ya kiti ya nyuma upande wa kuume, na ile regilateri ya zamani, yenye inapima umeme wa dinamo, inakuwa upande wa kushoto. Yule fundi alitoa regilateri, akashika waya yenye inatoka ku motere na yenye inaenda ku batri, akapotoa pamoja na mukono kama mutu anafunga mufuko ya makala, akazungusha skoch nyeusi, basi. Hakuna kose (ile chuma ya kubana ku ncha ya waya), hakuna sude, hakuna fizibli ya kukata umeme mbele waya iungue, hata moja. Skoch ilishayeyuka yote, shaba iko wazi, na juu yake kuna resori ya chuma ya kiti kwenye batoto banakaa. Nilipotaka kutoa masi (waya ya minus) ku batri ilitoka na mukono, maana hakuikaza hata hiyo! Iliniokoa, lakini si ya kumushukuria.

Dinamo ya hizi gari inatoa ampere 30 hivi. Alternateri yenye niliweka ni ya 55. Na moto wa waya haupande sawasawa na ampere, ukizidisha ampere mara mbili moto unazidi mara nne, kwa hiyo waya yenye ilikuwa inavumilia miaka yote, umeiletea moto zaidi ya mara tatu, na pale ulipopotoa njo pabaya kuliko pote. Fundi wa umeme hawezi kukosa kujua hii.

Kesho yake nikarudi na ile waya mu sashe. Hakuiangalia. Aliniangalia mi. "Mama, uliongeza mataa." Nikamuambia sijaongeza kitu, angalia hapa ulipofunga. Anasema mbele ya baclient: "Kwani mugonjwa njo anafundishaka munganga? Leta bwana yako tuongee." Batoto ba garaji bakacheka.

Papa alinifundisha kubadilisha kuruwa ya hii gari nikiwa na miaka 12, akanionyesha kuruwa (ule mukanda wa mupira) yenye inazungusha dinamo njo inazungusha feni ya kupoza motere, kwa hiyo taa nyekundu ya dinamo ikiwaka unasimama palepale, kuruwa inaweza kuwa imekatika. Na huyu mutu anataka nimuletee bwana. Niliondoka juu machozi ilikuwa inakuja na sikutaka bayaone.

Sasa siku ya posho (samedi) mumoja wa bale batoto ba garaji akaja nyumbani, yeye peke yake. Alikuwa na multimetri, kile chombo cha kupima umeme. Alifunga kwanza ile waya kama ilivyokuwa, akawasha motere na taa zote: ku alternateri volti 14,2, ku batri 12,9. "Yaya, angalia mwenyewe, ile volti yenye imepunguka yote inapotelea mu hii waya." Kisha akavuta kabo moja nene ya 16 (milimita za mraba), nzima, kutoka alternateri mpaka batri, kose imebanwa na pensi yake, fizibli karibu na batri, mupira pale kabo inapita mu chuma, na masi mupya kutoka motere mpaka ku body. Akapima tena: 14,2 na 14,1. Alikubali tu pesa ya kabo na fizibli.

Basi niseme aje? Alternateri ni nzuri, hiyo sitabadilisha, sirudi ku dinamo. Nilikuja hapa kuandika musiende ku ile garaji kabisa. Halafu nafikiria yule kijana, nataka kusema muende mumuulize yeye. Lakini pesa inaingia mu mufuko ya nani? Ya yule wa "leta bwana yako". Hapana, musiende. Kama kijana atafungua yake siku moja nitaandika hapa na herufi kubwa.

Fundi hajanipigia hata simu. Waya yenye iliungua iko mu kabati, naichunga. Na mutoto wangu mpaka leo anakaa upande wa kuume tu, kule kushoto hataki.