Mkanda uliungua Kibumba: kwadi yangu mpya na Honda kuukuu ya jirani

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo msomaji anisamehe nikipandisha sauti mahali ambapo kueleza tu kungetosha. Nina shamba la viazi juu ya Kibumba, kaskazini mwa Goma, mashariki mwa Kongo, upande wa barabara ya Rutshuru, na kwa miaka mingi mazao yangu yalifika barabarani kwa mgongo na kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma isiyo na pedali. Kisha nikashawishika kununua kwadi, ile ambayo watoto wa kijijini wanaiita moto ya miguu mine, ili ivute trela kwenye zile kilomita mbili tatu za mawe ya volkano na matope meusi. Niliinunua mpya katika duka moja la hapa Goma ambalo sitalitaja. Ukubwa wa injini na idadi ya farasi wake, yaani kipimo cha nguvu zake, sitavieleza, kwa sababu kila muuzaji ana karatasi hizo na ndizo zilizonipumbaza.

Siku yenyewe ilikuwa katika majira ya mvua, mchana. Tulikuwa tumepakia magunia sita, na anayejua viazi vya Kibumba anajua kwamba uzito wa gunia huamuliwa na mkono wa aliyelishona, si na mizani. Njia yetu hushuka kwa sehemu kubwa, lakini kabla ya kuifikia barabara kuna kilima kimoja kifupi chenye mawe makubwa, na hapo ndipo trela lilipokwama nyuma ya jiwe. Nilisukuma gesi kwa kidole gumba. Injini ilinguruma, mashine haikusogea. Nikaongeza. Ikanguruma zaidi, ikatetemeka, halafu ikaja harufu ya mpira unaoungua, kama mtu aliyetupa kandambili jikoni, na moshi mwembamba ukatoka chini ya kiti.

Fundi wetu alifungua kifuniko cha ubavuni palepale, mvua ikitunyeshea. Ndani kulikuwa na nyuzi nyeusi zilizosokotana kama nywele zilizoungua. Mkanda unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ulikuwa umeliwa mahali pamoja tu hadi ukabaki mwembamba kama kidole cha mtoto, ilhali sehemu zake nyingine zilikuwa nzima kabisa, na hata maandishi ya kiwandani yalisomeka. Vijana wanne wa chukudu waliokuwa wakipita waligawana magunia yote sita na kuteremka nayo hadi mjini kabla ya giza. Mmoja wao aliniuliza, kwa adabu zote, kama na mashine waipakie.

Wiki iliyofuata nilikwenda dukani na ule mkanda ndani ya mfuko wa plastiki. Kijana aliyekuwa nyuma ya meza hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. Alisema: «Papa, wewe ulinunua moto ya kutembelea, ukaifanyisha kazi ya trakta.» Nilimkumbusha kwamba siku ya kununua ni yeye mwenyewe aliyenionyesha ndoano ya trela na kuipigapiga kwa kiganja, akisema hapo hata ng'ombe wawili watavutwa. Alijibu kwamba mkanda hauna dhamana, kwamba mpya ungetoka Kampala, na kwamba ningesubiri wiki tatu. Wiki hizo tatu, kwa hesabu ya duka lile, zilikaribia miezi miwili. Hakunipa kiti wala pole, na mimi nina umri wa baba yake.

Katika muda huo jirani yangu aliniazima Honda Foreman yake, ambayo rangi yake ya awali hakuna anayeikumbuka. Hiyo haina mkanda: ina gia za chuma zinazobadilishwa kwa mguu, kama pikipiki ya kawaida, na nguvu hupelekwa nyuma kwa shafti. Kwa kuvuta, sijaona kinachoifikia. Unaweka gia ya kwanza, unaachia taratibu, na trela linakuja. Ekseli yake ya nyuma ni moja iliyonyooka, haikunjiki, kwa hiyo mzigo ukiilemea mashine haikai chini kama kuku anayeatamia, na magurudumu mawili ya nyuma huzunguka pamoja wakati wote, hata moja likiwa hewani. Kwenye mteremko ndipo nilipoipenda zaidi. Gia zenyewe huizuia, trela halikusukumi, na breki unazigusa tu. Kwa hasira niliyokuwa nayo niliwatangazia watu wote kwamba kwadi ya mkanda ni ya kupigia picha ufukweni, na kwamba anayetaka kazi anunue ya gia au abaki na chukudu, ambayo angalau imejengewa sanamu mjini.

Lazima nipunguze maneno hayo kidogo. Pale chini lava ya mwaka 2021 ya volkano ya Nyiragongo ilipoikata barabara, kuna sehemu ambazo mawe yake bado ni makali kama chupa iliyovunjika, na huko Honda ilinitesa. Ekseli ile ile ninayoisifu ina bonge la chuma katikati linaloning'inia chini, nalo liligonga kila jiwe lililotangulia kuzaliwa. Mgongo wangu ulikuwa na maoni yake pia. Kwadi yangu, ambayo kila gurudumu lake hupanda na kushuka peke yake, hupita juu ya mawe hayo kama paka juu ya ukuta, na tukifunga difu ya mbele, ili magurudumu mawili ya mbele yazunguke pamoja, inatoka hata kwenye shimo ambalo Honda ya jirani ingesubiri watu wa kuisukuma. Kwa hiyo swali la ipi ina nguvu halina jibu moja: mmoja anavuta, mwingine anapita.

Si kila mkanda ni sawa pia, jambo ambalo sikulijua. Rafiki yangu mwenye Yamaha Grizzly alinieleza kwamba katika yake mkanda hubaki umekazwa wakati wote, na kuna klachi ya pembeni inayofanya kazi ya kushika na kuachia, ili mkanda usisuguliwe wakati wa kuondoka. Katika yangu ni mkanda huo huo unaobanwa na kuachiwa. Ukiwa na mzigo mzito na mwendo mdogo, puli ya injini inazunguka huku mkanda umesimama, na puli inausaga mahali pamoja. Ndivyo ulivyoliwa wa kwangu. Jambo jingine ni hewa ya huku. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Goma yenyewe iko karibu mita 1,500 juu ya bahari na shamba langu liko juu zaidi, kwa hiyo farasi kadhaa kati ya wale wa kwenye karatasi hawakuwahi kufika Kibumba.

Mkanda ulipofika hatimaye, fundi aliufunga, akaniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: siku ile mkono wa gia ulikuwa kwenye H au kwenye L? Ulikuwa kwenye H, gia kubwa ya mwendo wa kasi. Tangu siku niliyoinunua haukuwahi kutoka kwenye H. L ni gia ndogo, ya kazi na ya milima, ambayo huufanya mkanda uzunguke haraka wakati magurudumu yanakwenda polepole, na hivyo hauungui. Kitabu cha maelekezo sikupewa, niliambiwa kitakuja. Tulirudi kwenye kilima kile kile, tukaweka L, tukapakia magunia manne badala ya sita, na mashine ikapanda bila kunung'unika. Niliona aibu. Nilifika hadi kufikiri kwamba yule kijana, pamoja na utovu wake wa adabu, alikuwa na haki nusu, na kwamba kosa la mkanda lilikuwa langu. Ningeandika siku ile, maandishi haya yangekuwa ya kusifu.

Lakini Jumamosi moja mwanangu aliiosha kwadi kwa brashi na maji ya moto. Kwenye bati la tope, pembeni kabisa ya mkono wa gia, kulikuwa na stika kubwa ya lile duka, yenye jina lao na namba zao tatu za simu kwa rangi nyekundu, nayo ilianza kubanduka upande mmoja. Aliivuta yote. Chini yake kulikuwa na stika nyingine, ya kiwandani, ndogo, ya manjano, yenye mchoro ambao hata asiyejua kusoma angeuelewa: kwadi, trela nyuma yake, mlima, na mshale unaoelekea kwenye L.

Nilirudi dukani na ile stika nyekundu mkononi, nikaiweka juu ya meza, nikaeleza polepole ilibandikwa juu ya nini. Safari hii kijana aliinua macho. Aliitazama, akaigeuza, akaninyooshea nayo kama mtu anayerudisha chenji.

«Lakini Papa,» akasema, «hii tulikupa bure.»