Violezo vya HTML au JavaScript ibadilishe kurasa?

Kwa violezo, kila ukurasa huzalishwa mapema kama faili yake kutokana na umbo moja la pamoja; kwa JavaScript, msimbo ndani ya kivinjari ndio hubadilisha kurasa. Kwa tovuti ya kurasa tano, gharama hazipishani sana: kote ni faili tu kwenye seva. Tofauti huonekana mtu anapobofya kiungo. JavaScript ikishika usukani, ukurasa hubadilika bila kupakiwa upya, hata muziki unaocheza haukatiki. Lakini msomaji akipakia upya anwani kama /kuhusu, seva ambayo haikuelekezwa kurudisha index.html (faili kuu yenye msimbo huo) itajibu 404, yaani ukurasa haupo (kosa hili huwanasa wengi), na msimbo ukikwama, huenda skrini ikabaki nyeupe. Violezo havina makuu. Ukigusa menyu unazalisha kurasa zote upya, basi. Kitufe cha kurudi nyuma hakihitaji msaada wako. Kama wageni wako wanakuja kusoma, violezo vinatosha. Kama wanajaza, wanachuja na kuhariri, JavaScript ina kazi.