Seti ya mapipa ya kutenganisha taka shuleni: mifuniko bora, bango halifai

Mapipa manne ya plastiki ngumu yenye mifuniko ya rangi tofauti, mzani wa kuning'iniza, glovu, bango la picha na daftari la kumbukumbu. Hivyo ndivyo vilivyomo kwenye seti hii, na juu ya boksi wameandika kwamba imetengenezwa kwa ajili ya "mradi wa urejelezaji unaoongozwa na wanafunzi". Nafundisha hisabati shule ya msingi na ndimi mlezi wa klabu ya urejelezaji, kwa hiyo maneno hayo ndiyo ninayoyapima hapa. Rangi na umbo havinishughulishi. Nataka kujua kama mtoto wa miaka tisa anaweza kuendesha kazi yote, kuanzia kuchambua hadi kuandika kilo daftarini, bila kuja kuniita chumba cha walimu.

Nasema hivyo kwa sababu miradi mingi inayoitwa ya wanafunzi huishia kuwa ya mwalimu. Watoto wanapigwa picha wameshika chupa, wanagawiwa vyeo vya mwenyekiti na katibu, halafu jioni mwalimu anabaki peke yake anachambua taka. Watu husema watoto wavivu, kumbe mara nyingi kifaa ndicho kilichowashinda: pipa refu kuwapita, mfuniko unaotaka nguvu za mtu mzima, maelekezo marefu yaliyobanwa kwa herufi ndogo.

Nianze na mifuniko, maana aliyeibuni anawajua watoto. Pipa la karatasi lina mwanya mwembamba, la chupa lina tundu la mviringo, la makopo lina tundu dogo zaidi, na la nne, la taka zisizorejelezwa, liko wazi kabisa juu. Mtoto aliyetoka mbio kwenye mpira hasomi maandishi. Anafika na boksi la juisi lenye mabaki, anataka kulitupa popote, mwanya wa karatasi unalikataa. Pale ndipo anaposimama, anaangalia, na pipa lililo wazi liko hatua moja tu pembeni yake. Hakuna kiranja aliyemfokea. Tulipokuwa tunatumia ndoo za kawaida zenye maandishi makubwa, karatasi zilikuwa zinatoka zimelowa na kunata, na karatasi iliyoingia mafuta au mabaki ya chakula haina kazi tena, kwa sababu mafuta hushika kwenye nyuzi zake na hayatoki kiwandani.

Anayedhani nakuza mambo akumbuke mwaka 2018. China, iliyokuwa ikipokea sehemu kubwa ya karatasi na plastiki chakavu za dunia, ilipiga marufuku aina nyingi za taka hizo, na zile ilizoendelea kuzipokea zilitakiwa ziwe na uchafu usiozidi asilimia 0.5. Hesabu hiyo niliwapa darasa la sita: katika kilo 20 za karatasi, uchafu unaoruhusiwa ni gramu 100. Boksi moja la juisi ambalo halijamalizwa linatosha kuwafelisha. Walibaki wanatazamana.

Mifuniko inashikiliwa na vibanio viwili vya pembeni ambavyo hata wa darasa la tatu anavifungua. Kasoro yake ni kwamba tundu la chupa linapitisha chupa ndogo tu. Ile kubwa lazima ibanwe kwanza. Watoto wanaikanyaga hadi inalala, wanaifunga kizibo isije ikajaa hewa tena, kisha wanaisukuma ndani. Nafasi inaokolewa, na sijasikia anayelalamika kupewa ruhusa ya kukanyaga kitu.

Kinachoudhi ni mfuko wa ndani. Pipa halina ndoana wala pete ya kuushikilia, kwa hiyo ukipata mzigo kidogo unadumbukia chini, na kuutoa ni kuinama kichwa ndani ya pipa. Watengenezaji wamefikiria mfuniko kwa akili nyingi hivyo, wakasahau kitu cha kijinga namna hii. Wanafunzi wangu walikata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli ukawa mikanda mipana, wakaufungia mfuko mdomoni mwa pipa. Unashika vizuri kabisa.

Mzani ndicho kifaa nilichokidharau zaidi nilipofungua boksi, na ndicho watoto wanachokigombania. Ni wa mshale na springi, unapima hadi kilo 25, una ndoana chini na pete juu. Betri hauhitaji, na hilo kwangu ni sifa kubwa, kwa sababu kifaa cha betri shuleni huwa kinakufa siku kinapohitajika. Jambo la kwanza tulilofanya ni kuuhakiki: chupa ya lita moja ikijazwa maji, maji yale yana kilo moja. Uking'iniza na mshale ukasoma kingine, uzito mdogo wa chupa ukiwa umeshautoa, kuna skrubu ya kurudisha mshale kwenye sifuri. Sasa aliye zamu anafanya hivyo kabla ya kupima, na hakubali kupima kama maji hayajaletwa.

Humo ndimo hisabati ilimoingilia mlango wa nyuma. Karatasi moja ya A4 ya kawaida, ile ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ina gramu 5 kamili, kwa sababu karatasi 16 za A4 zinafanya mita moja ya mraba. Kwa hiyo ukiona kilo moja kwenye mzani, umeona karatasi 200. Watoto waligundua wenyewe kwamba karatasi za chumba cha walimu, nyingi zimeandikwa upande mmoja, zilikuwa zinashinda za madarasa yote. Waliandika barua ya heshima sana kwa mwalimu mkuu kuomba walimu wachapishe pande zote mbili. Barua ilibandikwa juu ya mashine ya kuchapia na ipo hadi leo, na mimi mwenyewe huwa naangalia nyuma kabla ya kubonyeza.

Daftari lililokuja na seti halina maana. Lina safu ya tarehe na safu ya "jumla", basi. Wanafunzi walipiga mistari upya kwenye daftari lao: tarehe, darasa, aina ya taka, uzito, jina la aliyepima, jina la shahidi. Safu ya shahidi ilizaliwa na fitina. Madarasa yalikuwa yanashindana kwa kilo, na darasa moja likaanza kupanda kwa namna isiyoelezeka. Kumbe walikuwa wanaacha maji chini ya chupa na kunyunyizia karatasi kidogo kabla ya kupima! Aliyewagundua ni msichana mdogo wa darasa la nne. Alitikisa mfuko sikioni, akasema, "Mwalimu, huu unaongea."

Baada ya hapo klabu ilikaa kikao, nami nikakaa nyuma nikisikiliza. Mmoja alisema kushindana kwa kilo kuna ubaya mwingine: anayeleta taka nyingi anashinda, kwa hiyo anayetumia vitu kwa uangalifu anaonekana mvivu. Wakabadilisha mashindano. Sasa darasa linashinda kwa kuwa na vitu vichache visivyostahili ndani ya mapipa yake, na kilo zinabaki kumbukumbu tu. Mwongozo wa seti bado unapendekeza kikombe kwa darasa lenye kilo nyingi. Msiufuate.

Sasa bango. Ni zuri kwa macho, la rangi za kupendeza, na linadanganya. Limechora ile pembetatu ya mishale mitatu yenye namba katikati, chini yake limeandika kwamba kitu chochote chenye alama hiyo kinarejelezwa. Si kweli. Mishale yenyewe ilichorwa mwaka 1970 na Gary Anderson, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California, akashinda nayo shindano la kampuni moja ya maboksi ya karatasi nchini Marekani. Namba 1 hadi 7 zilikuja mwaka 1988, zikaletwa na chama cha wenye viwanda vya plastiki, na kazi yake ni kutambulisha aina ya plastiki. Hazisemi kama kuna mtu yeyote atakayeichukua. Mkanganyiko ulifika mahali ambapo mwaka 2013 kanuni ya kiufundi ya alama hizo ilibadilishwa, mishale ikaondolewa na kuwekwa pembetatu ya kawaida, ila kalibu za zamani ziko viwandani na mishale bado tunaiona kila siku.

Matokeo kwetu yalikuwa aibu. Watoto walifuata bango kwa uaminifu, wakajaza pipa la plastiki na vikombe vyepesi vya povu vya namba 6, na mchukuaji wa taka akarudisha mfuko mzima. Mvulana mmoja wa darasa la tano aliniuliza, "Mwalimu, kama bango linasema ndiyo na mchukuaji anasema hapana, sisi tumsikilize nani?" Nikamwambia twende tumuulize mchukuaji. Alitupa orodha fupi: namba 1, namba 2, na namba 5 kama imeoshwa. Kwingine orodha itakuwa tofauti, ndiyo maana bango la kuchapwa kiwandani haliwezi kufaa kila shule. Tuliligeuza, upande mweupe ukawa mbele, na watoto wakagundisha vitu halisi: chupa iliyolazwa, kopo, kipande cha katoni, na chini kwenye mstari mwekundu vile visivyotakiwa, kikiwemo kikombe cha povu na risiti ya dukani. Ile risiti inayong'aa ni karatasi iliyopakwa kemikali inayobadilika rangi kwa joto. Haiendi na karatasi nyingine.

Zoezi ambalo lingefaa kuwemo kwenye mwongozo, na halimo, ni la beseni la maji. Kata kipande kidogo cha chupa ya maji na kipande cha kizibo chake. Vizamishe vyote viwili kwa kidole hadi mapovu ya hewa yatoke, kisha achia. Kipande cha chupa kinabaki chini, cha kizibo kinapanda juu chenyewe. Chupa ni namba 1, ambayo ni nzito kuliko maji kwa ujazo ule ule. Kizibo kwa kawaida ni namba 2 au namba 5, nyepesi kuliko maji. Viwandani nako plastiki iliyosagwa hupitishwa kwenye matangi ya maji ili itengane kwa njia hiyo hiyo. Watoto walirudia zoezi hili hadi sakafu ikawa bwawa, na tangu siku hiyo hakuna anayeuliza kwa nini tunasumbuka kutenganisha aina.

Kwa makopo ingetosha sumaku ndogo, ambayo nayo haimo. Kopo la chuma linanasa, la alumini halinasi, na inafaa kuyatenga kwa sababu kuyeyusha alumini iliyokwishatumika kunaokoa takribani asilimia 95 ya nishati inayotumika kuitoa kwenye madini. Tuliazima sumaku ya maabara na haijarudi.

Glovu ni za mikono ya watu wazima. Nimemaliza.

Magurudumu ndiyo yanayoniondolea nyota. Pipa la karatasi pekee ndilo lenye magurudumu, na hilo ni sawa kimawazo, kwani karatasi ni nzito kuliko inavyoonekana. Lakini ni vigurudumu vyembamba vya plastiki juu ya ekseli nyembamba, na moja lilivunjika pipa lilipovutwa juu ya kizingiti cha mlango likiwa na mzigo wa kawaida. Niliandika kwa muuzaji kuomba gurudumu moja. Jibu lilikuja kwa adabu zote: vipuri haviuzwi, ila tunakaribishwa kununua seti nyingine. Yaani kampuni inayouza mapipa ya kufundisha watoto kutotupa vitu inatushauri tutupe pipa zima kwa ajili ya gurudumu. Nilisoma barua ile mbele ya klabu bila kuongeza neno, wakacheka wenyewe. Siku hizi pipa la karatasi linamwagwa likifika nusu, na linabebwa na wawili.

Kwa upande wa kudumu, mapipa yenyewe hayana neno. Yameanikwa juani, yameoshwa kwa maji mengi, yamekaliwa, rangi ya mifuniko haijapauka. Ndani ni laini bila pembe za kushika uchafu, hivyo kuosha ni kazi ya dakika chache kwa wanafunzi wawili na mpira wa maji.

Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Anayetaka kuinunua azungumze kwanza na atakayechukua taka, apate orodha yake, kisha ahesabu kama mapipa manne yanalingana na orodha hiyo. Kama hachukui makopo, pipa moja litakaa bure. Akae pia na chupa zinazopatikana shuleni kwake, apime upana wake na aulinganishe na tundu la mfuniko kabla ya kulipa. Na kama muuzaji atakubali kuuza mifuniko na mzani peke yake, achukue hivyo viwili tu, vingine watoto watavitengeneza.