Filta ya koni kwenye Probox yangu: miezi minne ya vumbi la Newala

Nilinunua ile filta ya hewa ya wazi, yenye umbo la koni, inayofungwa bila boksi, kwa shilingi 95,000. Muuzaji alinihakikishia kwamba gari itavuta zaidi na kula mafuta kidogo. Mimi napeleka dagaa kutoka Mtwara hadi Tandahimba na Newala kila wiki, mara nyingine nashuka hadi Masasi na kurudi na mzigo. Anayeujua mlima wa kupandia Newala ukitokea Masasi ataelewa kwa nini neno "kuvuta" lilinishika.

Mlio ulibadilika siku ileile, ukikanyaga unasikia injini inavyovuta pumzi. Lakini mlimani, na mzigo uleule, niliishia gia ileile ya pili. Mjini mchana wa jua gari ikawa nzito kuliko zamani. Fundi alifungua boneti akaniambia niweke mkono karibu na koni: joto tupu! Hewa ya moto ni nyepesi, oksijeni yake ni kidogo. Boksi la kiwandani lina pua inayochukua hewa ya nje, huku mbele, kabla haijapashwa na injini. Mimi pua hiyo niliing'oa nikidhani inabana njia.

Vumbi ndilo lililoniumiza zaidi. Kutoka Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50, ni lami. Baada ya hapo, kipindi hicho, ilikuwa udongo mwekundu na malori mbele yako. Injini ya lita 1.5 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, umekanyaga mafuta yote, huvuta hewa inayokaribia lita 2,250 kila dakika. Mwezi wa nne taa ya injini ikawaka, gari ikawa inakohoa asubuhi. Fundi alifungua mpira wa hewa, akapitisha kidole ndani, huko ambako hewa ilitakiwa iwe imeshachujwa. Kidole kilitoka na utando mwekundu wenye mafuta, mzito kama uji wa ulezi. Nilisikia uchungu, kwa sababu mchanga huo ulikuwa unaelekea kwenye ringi na silinda.

Mafuta yale ni yanayopakwa kwenye filta yenyewe ili inase vumbi. Nilipoiosha niliyapaka mengi, yakarushwa hadi kwenye sensa ya hewa. Uzi wa sensa ni mwembamba mno. Ukichafuka unapima hewa vibaya, na kompyuta inakosea kipimo cha petroli.

Tulirudisha boksi na pua yake, tukaweka filta mpya ya karatasi ya shilingi 20,000, tukasafisha sensa kwa dawa yake ya kupuliza bila kuigusa, na koo la hewa (throttle, mlango wa hewa kuingia kwenye injini) tukalifuta kwa kitambaa. Ndipo fundi akaona ufa kwenye mikunjo ya mpira wa hewa, hauonekani mpaka uuvute, na vumbi lingeweza kupita hapo bila kuchujwa. Tukabadilisha mpira. Safari iliyofuata gari ilipanda vizuri kuliko siku zote za koni, na taa haijawaka tena.

Filta ya koni naipa nyota 2 kati ya 5. Kwa anayeishia lami ya Mtwara na Lindi, na ameikinga na joto la injini, huenda ikamfaa. Wenzangu wa Newala, kwanza kagueni mpira wa hewa na filta mliyonayo. Mimi sasa yangu naikung'uta kila baada ya safari mbili, na mpya moja nimeiweka chini ya kiti.